Nani Anayepiga Mdundo wa Tumbo Letu?

Yeyote aliyewahi kusaidia kuchinja mbuzi wakati wa sikukuu atalikumbuka jambo hili. Mnyama amekwisha kufa, ngozi imekwisha kuchunwa, matumbo yametolewa na kuwekwa katika beseni; nayo bado yanajinyonganyonga taratibu. Watoto hushangaa na kuuliza: “Baba, mbuzi si amekufa? Mbona matumbo yake yanatembea?” Mara nyingi sisi wazazi hujibu tu, “Ndivyo yalivyo,” tukaendelea na kazi.

Kumbe swali hilo la watoto liliwasumbua wataalamu kwa takribani miaka mia moja. Ni nani anayeuamuru utumbo utembee, hata pale ambapo ubongo umekwisha kunyamaza? Jibu lilipopatikana halikubaki katika vitabu tu. Liliwasaidia madaktari kuutambua uvimbe mmoja wa tumbo ambao kwa miaka mingi ulipewa jina lisilo lake, na wagonjwa wakakosa dawa iliyowafaa. Ndiyo maana mwezi huu tumeona vema tulieleze jambo hili, ili familia zetu zijue la kuuliza pindi ndugu anapofanyiwa upasuaji wa tumbo.

MDUNDO USIONYAMAZA

Tukimeza chakula, hakishuki chenyewe kama jiwe kisimani. Hata mtu akiwa amelala kitandani, chakula husonga mbele. Kinachokisukuma ni misuli iliyo katika kuta za tumbo na utumbo. Misuli hiyo imepangwa katika tabaka mbili: moja inauzunguka utumbo kama pete, na nyingine inakwenda kwa urefu wake. Tabaka hizi hukaza na kulegea kwa zamu, na hivyo chakula huchanganywa na kusukumwa.

Kukaza huko hakufanyiki ovyo. Kuna mapigo madogo ya umeme yanayopita katika misuli kwa mpango. Katika mfuko wa tumbo la binadamu, mapigo hayo ni kama 3 kwa dakika. Mwanzoni mwa utumbo mwembamba huwa 11 au 12 kwa dakika, na kuelekea mwisho wake hupungua hadi kama 8. Ukipiga hesabu, mfuko wa tumbo peke yake hupata zaidi ya mapigo 4,000 kwa siku moja.

Tunaweza kulifananisha jambo hili na kwaya yetu ya parokia. Waimbaji ni wengi na kila mmoja ana sauti yake. Lakini kama hakuna mwalimu wa kuwashikia mwendo, mmoja atatangulia, mwingine atachelewa, na wimbo utaharibika. Misuli ya utumbo nayo ina walimu wake. Walimu hao ni seli, yaani chembe hai ndogo sana zisizoonekana kwa macho, ambazo huanzisha mapigo ya umeme na kuyapeleka kwenye misuli.

Tuangalie tusikosee hapa. Si kila pigo hufanya misuli ikaze kwa nguvu. Mishipa ya fahamu, homoni na chakula chenyewe husaidia kuamua kama misuli itakaza sana, kidogo, au itapumzika. Walimu wetu kazi yao ni kushika mwendo, na hawaachi, mchana na usiku.

ZILIONEKANA LAKINI HAZIKUJULIKANA

Mtu aliyeziona seli hizi na kuzieleza ni daktari wa Hispania, Santiago Ramón y Cajal, aliyeishi kuanzia mwaka 1852 hadi 1934. Alikuwa fundi hodari wa kupaka rangi vipande vyembamba vya nyama ya mwili na kuvitazama kwa hadubini, kisha kuvichora kwa mkono wake. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Camillo Golgi wa Italia, kwa kazi yao juu ya mfumo wa fahamu.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Cajal aliona ndani ya kuta za utumbo seli ndogo nyembamba zenye mikono mirefu, zimejipenyeza katikati ya misuli na mishipa ya fahamu. Yeye alidhani ni aina duni ya seli za fahamu. Wengine walimpinga. Walisema ni nyuzi tu za kushikilia nyama, na wengine wakasema ni aina ya misuli. Hata hivyo jina lake lilibaki, na mpaka leo zinaitwa seli za Cajal.

Mwaka 1915, Arthur Keith, mtaalamu wa Uingereza, alitoa wazo kwamba huenda utumbo nao una mahali panapoanzisha mapigo, kama ulivyo moyo. Neno lake lilikuwa na uzito, kwa sababu mwaka 1907 yeye na mwenzake Martin Flack ndio walioeleza sehemu ya moyo inayoanzisha mapigo. Lakini wazo si ushahidi. Mwaka 1982, Lars Thuneberg wa Denmark alizichunguza tena seli za Cajal kwa makini na kuandika kwamba zina kila dalili ya kuwa wapiga mdundo. Bado wengi hawakushawishika.

Ugumu ulikuwa wapi? Ulikuwa katika kuzitambua. Seli hizi ni chache, nazo zimejichanganya na seli nyingine zinazofanana nazo. Rangi zilizotumika zamani hazikuaminika: leo zinashika seli hizi, kesho zinashika mishipa ya fahamu, keshokutwa hazishiki kitu. Ni kama kumtafuta mtu mmoja katika umati wa sokoni, nawe huna picha yake wala hujui amevaa nini. Huwezi kusema mtu huyu amefanya hili au lile, kama huwezi kumnyooshea kidole na kusema, “Ni huyu.”

PANYA WENYE MABAKA MEUPE

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakifuga panya wa maabara waliozaliwa na mabaka meupe katika manyoya. Panya hao walikuwa na upungufu wa damu, na wengi wao walikuwa tasa. Mwaka 1988 iligunduliwa kwamba jeni moja ndiyo yenye hitilafu. Jeni ni maagizo ya urithi tunayoyapata kwa wazazi, na jeni hiyo ilikuwa na kazi ya kutengeneza protini iitwayo Kit. Protini hii hukaa juu ya ngozi ya seli kama kengele ya mlangoni. Ikibonyezwa, seli hupata ujumbe wa kukua na kuendelea kuishi.

Mwaka 1992, wataalamu wa Japani waliwachoma panya wachanga sindano za dawa inayoizuia protini ya Kit. Walitazamia kuona mabadiliko katika damu. Lakini waliona pia jambo jingine: matumbo ya panya hao yalivimba na kupooza. Chakula hakikusonga, na panya wakafa. Walipochunguza utumbo, walikuta kwamba mapigo yake yameharibika.

Wataalamu wa Marekani na Kanada walifuata nyayo hizo. Mwaka 1994 na 1995 walionyesha kwamba panya wenye hitilafu ya jeni ya Kit hawana seli za Cajal katikati ya tabaka mbili za misuli ya utumbo mwembamba. Misuli ilikuwapo. Mishipa ya fahamu ilikuwapo. Lakini mapigo ya kawaida ya umeme hayakuwapo. Hapo ndipo ubishi wa miaka mingi ulipoanza kwisha. Walimu wa kwaya walikuwa wamepatikana, na alama yao ilikuwa ni Kit.

ALAMA INAFANYAJE KAZI?

Pengine msomaji atauliza: protini ni kitu kidogo kuliko hata seli yenyewe, sasa inaonekanaje? Hebu tueleze polepole.

Mwili wetu hutengeneza kingamwili ili kupambana na wadudu wa magonjwa. Kila kingamwili hushika kitu kimoja maalumu, kama ufunguo na kufuli lake. Maabara wanaweza kutengeneza kingamwili inayoshika Kit. Kipande cha nyama iliyotolewa katika upasuaji huhifadhiwa katika dawa ya formalini, kisha hugandishwa ndani ya nta na kukatwa vipande vyembamba sana, kama sehemu 4 za elfu za milimita moja. Vipande huwekwa juu ya kioo na kumwagiwa ile kingamwili. Pale penye Kit, inashika. Pasipo na Kit, inaoshwa na kuondoka. Mwishoni huwekwa rangi inayoifuata kingamwili hiyo. Anayetazama kwa hadubini huona seli za Cajal zimekuwa za rangi ya kahawia, pamoja na mikono yao mirefu, na zilizobaki hazina rangi hiyo.

Lakini alama moja haitoshi kila mara. Kuna seli nyingine za kinga, zile zinazohusika na mizio, nazo pia hubeba Kit. Kwa hiyo mtaalamu hutazama na umbo: seli za mizio ni za mviringo, seli za Cajal ni nyembamba zenye mikono.

Baadaye ilipatikana alama ya pili. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliikuta protini moja katika uvimbe tutakaoueleza hivi punde, wakaiita DOG1. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba protini hiyo ni mlango katika ukuta wa seli, unaopitisha kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi tunayotia katika mboga. Sasa inaitwa pia Ano1. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba seli za Cajal za binadamu na za panya zinabeba mlango huo, lakini zile seli za mizio hazina. Tena panya waliokosa mlango huo walikosa na mapigo ya umeme.

Basi alama hii ya pili si nguo tu ya kumtambulisha mtu, bali ni chombo chake cha kazi. Ndani ya seli, kalsiamu hutolewa kidogo kidogo, kalsiamu hufungua mlango, kloridi hutoka, umeme wa seli hubadilika, nayo seli huupitisha mshtuko huo kwa misuli iliyo jirani. Hilo ndilo pigo moja la mdundo.

UVIMBE ULIOPEWA JINA LISILO LAKE

Sasa tumefika kwenye jambo linalogusa maisha ya watu. Katika kuta za tumbo na utumbo huweza kuota uvimbe ambao zamani madaktari waliuhesabu kuwa ni uvimbe wa misuli, kwa kuwa unafanana nayo chini ya hadubini. Ukiwa mdogo, upasuaji uliweza kumponya mgonjwa. Lakini ukishaenea, dawa za kawaida za saratani hazikuusaidia kitu. Mgonjwa aliambiwa hakuna njia.

Mwaka 1998, wataalamu wa Japani walipima uvimbe wa namna hiyo kwa kutumia alama ya Kit. Wakaona kwamba unaibeba, tofauti na misuli. Tena waligundua kwamba katika uvimbe mwingi jeni ya Kit ina hitilafu inayoifanya ile kengele ya mlangoni ilie bila kubonyezwa. Seli huambiwa “Kua! Kua!” bila kukoma. Ikafahamika kuwa uvimbe huu si ndugu wa misuli bali ni ndugu wa seli za Cajal. Katika karatasi za hospitali huandikwa kwa herufi GIST.

Jina lilipopatikana, dawa nayo ilionekana. Kulikuwa na kidonge cha imatinibu, ambacho wengi walikifahamu kwanza kwa jina la Glivec, kilichotengenezwa kwa ajili ya aina moja ya saratani ya damu. Kidonge hicho huweza pia kuinyamazisha Kit. Mwaka 2000 kilijaribiwa nchini Finland kwa mgonjwa mmoja ambaye uvimbe wake ulikuwa umeenea na dawa nyingine zimeshindwa. Uvimbe ulipungua. Katika jaribio la wagonjwa 147 lililotangazwa mwaka 2002, zaidi ya nusu yao walipungukiwa uvimbe, na wengine zaidi ya robo uvimbe wao ulisimama bila kukua. Si wote wanaopona, na kuna hitilafu nyingine za jeni zisizoitikia dawa hii. Lakini watu waliokuwa wakihesabiwa miezi walianza kuishi miaka.

Tuseme wazi: uvimbe wa GIST ni wa nadra. Katika nchi zinazoweka hesabu, huonekana kwa watu kama 10 hadi 15 katika kila milioni moja kwa mwaka. Zaidi ya nusu huota katika mfuko wa tumbo. Karibu 95 katika kila 100 huwa na alama ya Kit. Iliyobaki ndiyo huhitaji zaidi msaada wa alama ya DOG1. Kwa hiyo asiwepo msomaji atakayekosa usingizi usiku wa leo kwa sababu tumbo limemnguruma. Tumbo linalonguruma ni tumbo linalofanya kazi.

MAGONJWA MENGINE

Alama hizi zimewaonyesha wataalamu mambo mengine pia. Kwa watu wenye kisukari cha muda mrefu, mfuko wa tumbo huweza kuchoka na kuchelewa kutoa chakula. Mgonjwa hula kidogo na kushiba, hujaa gesi, au hutapika chakula alichokula saa nyingi zilizopita. Vipande vya tumbo vya wagonjwa kama hao vilipopimwa, vingi vilikutwa na seli za Cajal zilizopungua. Hali kama hiyo imeonekana kwa baadhi ya watu wenye choo kigumu cha miaka mingi kisichoitikia dawa.

Kwa watoto wachanga, kuna ugonjwa ambao misuli ya mlango wa kutokea wa tumbo hunenepa na kuziba njia. Mwaka 1996 iliripotiwa kwamba katika misuli hiyo seli zenye Kit ni chache mno au hazipo. Mtoto huyo hutapika kwa nguvu kila baada ya kunyonya, na mara moja hutaka kunyonya tena. Upasuaji mdogo humponya.

Lakini tusiahidi kisichokuwapo. Seli za Cajal ziko ndani katika misuli, na mpira wa kupigia picha tumboni kwa kawaida huchukua kipande cha utando wa juu tu. Hivyo haiwezekani kumpima kila mwenye choo kigumu. Wala hakuna bado dawa ya kuzirudisha seli hizi zikishapotea.

TUFANYE NINI?

Yafuatayo tunayaona kuwa yafaa kwa kila familia:

1. Ndugu akitolewa uvimbe tumboni, ulizeni: “Je, kipande kimepelekwa maabara?” Uvimbe usitupwe bila kupimwa, wala familia isiuweke katika chupa ya maji au pombe kali kwenda nao nyumbani.

2. Jibu likitoka, ulizeni jina la uvimbe na muombe nakala ya karatasi. Ikiwa daktari anaushuku kuwa GIST, muulizeni kama umepimwa Kit, ambayo huandikwa pia CD117, na DOG1. Si kila hospitali ina kingamwili hizo. Lakini kipande kilichogandishwa katika nta hudumu miaka mingi, na kinaweza kupelekwa hospitali kubwa kupimwa huko.

3. Aliyeandikiwa imatinibu asiiache kwa kuwa anajisikia nafuu. Dawa hii huinyamazisha Kit, lakini si lazima iue kila seli ya uvimbe. Ikiachwa bila daktari kujua, uvimbe huweza kuamka. Mama mjamzito, au anayetazamia kupata mimba, amweleze daktari mapema.

4. Choo cheusi kama lami, upungufu wa damu usio na sababu, kushiba upesi kusiko kwa kawaida, au uvimbe unaoshikika tumboni, visingojewe. Mara nyingi sababu yake ni vidonda vya tumbo au jambo jingine, lakini vyote vyahitaji daktari.

5. Mtoto mchanga asiyepata choo katika siku mbili za kwanza, anayetapika kwa nguvu kila anyonyapo, au ambaye tumbo lake limevimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asipewe dawa za miti za kuharisha. Vivyo hivyo mtu mzima mwenye tumbo lililojaa, anayetapika, asiyetoa choo wala hewa: dawa ya kuharisha huweza kumdhuru, kwa kuwa huenda njia imeziba.

6. Mwenye kisukari na adhibiti sukari yake, na dalili za tumbo azieleze kliniki, asidhani ni gesi tu.

7. Kwa choo kigumu cha kawaida, maji ya kutosha, mboga za majani, maharage, matunda, ugali wa dona na kutembea ndiyo matibabu ya kwanza.

Cajal aliziona seli hizi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akazichora vizuri, lakini hakuwa na alama ya kuzitofautisha na nyingine. Zilipopata alama, zikajulikana kazi yao. Na uvimbe uliotokana na ndugu zao ukapata jina na dawa. Basi ndugu yako akiwa wodini, usione haya kumuuliza daktari: “Uvimbe huu unaitwaje, na umejulikanaje?” Na mtoto akikuuliza tena kwa nini matumbo ya mbuzi yanatembea, sasa unalo jibu: walimu wa kwaya hawajapata habari kwamba misa imekwisha.